Nukta Niliyoongeza

Kerubo alikuja kwangu Ekerenyo mwezi uliopita kutaka nimwandikie bango la duka lake la dawa za mifugo. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuandika mabango: ya vinyozi, ya hoteli, ya mashine za kusaga. Naandika polepole na wateja wangu wanajua. Mwenye haraka huenda mjini Kisii akachapishiwa kwa kompyuta. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka minane. Alikunywa chai, akaniambia anataka herufi za kijani, halafu akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameikuta kwenye sanduku lake la shule nyumbani kwa mama yake. "Unaujua huu mwandiko?" akauliza. Niliujua. Ulikuwa wangu wa umri wa miaka kumi na minane, herufi zimesimama wima kama watoto waliopangwa mstari wakaguliwe kucha. Katikati kulikuwa na mchoro: herufi N moja, herufi H nne kuizunguka, na kati yao nukta na misalaba midogo. Kerubo aliweka kidole upande wa kulia wa mchoro. Tukaanza kucheka, kicheko cha watu waliokoswakoswa na lori. Alipoondoka nilikaa na ile karatasi mpaka chai yangu ikashika utando juu. Sijawahi kumsimulia mtu habari za mwaka ule, hata mume wangu, kwa sababu ili kuusimulia lazima nianze na jambo nililolifanya.

Ya nyumbani kwetu, na kwa nini niliishia darasa la nane, nayaacha. Ni hadithi ya watu wengi. Naanzia mwezi wa pili, siku niliyoingia nyumba ya Mwalimu Ouma mjini Kisii nikiwa na kikapu na kalamu mbili. Mwalimu alikuwa mtu wa kule ziwani ambaye alikuwa amefundisha kemia kwa miaka mingi katika shule moja ya kutwa upande wa Masimba. Mwezi wa kwanza alianguka bafuni. Ilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kukokotwa, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Shule ilimpa ruhusa ya ugonjwa, lakini kidato cha nne, ambao walikuwa wafanye mtihani wa mwisho mwaka huo huo, hawakupata mwalimu mwingine wa kemia. Akaamua atawapelekea masomo kwa karatasi. Aliyekosekana ni wa kuandika. Mkewe, Mama Akinyi, alisema mwandiko wake mwenyewe ni wa kuku waliofukuzwa. Watu wa kompyuta wangeweza kupiga maneno, lakini si ile michoro ya vitone. Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu, aliyemfahamu Mwalimu, alipomwambia kwamba kuna msichana Ekerenyo, karani wa shule ya Sabato, ambaye taarifa zake za kanisa zinaonekana kama zimechapwa, ila ukurasa mmoja humchukua siku nzima. "Mimi sina haraka tena," Mwalimu akamjibu. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa.

Sebule ile naweza kuichora mpaka leo. Dirishani ilisimama mashine ya kufuma ya Mama Akinyi. Alikuwa akifuma sweta za shule, na kwa kuwa Kisii ina baridi na shule ni nyingi, mashine haikulala. Aliivuta kulia na kushoto, krrr, krrr, na nyuzi za maruni na kijani zilijaa kwenye mabeseni sakafuni, kiasi kwamba mgeni alionyeshwa pa kukanyaga. Upande wa pili kulikuwa na meza ya chakula, ambayo baada ya kifungua kinywa ilifutwa mara mbili, ikakauka, ndipo nikaweka karatasi. Mwalimu alikaa kushoto kwangu kwenye kiti chenye mto. Nyumba ile walisemezana Kijaluo, na mimi nyumbani nilizoea Kigusii, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa daraja letu, na sote tulikivuka kwa uangalifu. Hata utani ulikuwa wa Kiswahili. Nilikaa kwao na kusaidia jikoni, na siku ya kwanza nilipopika ndizi, Mama Akinyi aliinua kifuniko, akachungulia, akasema, "Hizi ni nzuri. Sasa chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?" Mwalimu akacheka kwa upande mmoja wa uso. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Siku ya tatu nilielewa kwamba katika nyumba ile, asiyetaniwa ndiye hajakaribishwa.

Nilikuwa mtu wa kunyamaza. Nikiulizwa swali nilijibu nikitazama kidole cha mguu. Kwa Mwalimu jambo hilo halikuwa na shida, kwa maana yeye pia maneno yalimgharimu, na tulikaa asubuhi nzima bila kusema ila yale ya kuandikwa. Alitoa sentensi kwa Kiingereza, neno baada ya neno, nami nikaiandika. Nisichoelewa nilikiandika vilevile, kama mtu anayechora nyumba kwa nje bila kujua vyumba vyake. Ikifika michoro alinieleza kwa Kiswahili: weka hapa, zungusha, nukta, msalaba. Mwisho wa ukurasa alikuwa akiushika kwa mkono wa kushoto na kuukagua. Kulikuwa na jambo moja ambalo lilijulikana na sisi watatu tu. Kiharusi kilikuwa kimemfunika macho upande wa kulia. Ukurasa ukiwa mbele yake, nusu ya kushoto aliiona safi, na nusu ya kulia ilikuwa kama chumba kisichowashwa taa, mpaka ageuze kichwa chote ndipo aione. Daktari alisema huenda uwezo wa kuona upande huo ukarudi. Mama Akinyi alisema shuleni wasiambiwe, wasije wakapata sababu.

Sababu ya nini, niliielewa nilipozoea kusikiliza. Wazazi wa kidato cha nne walikuwa wakiulizana kama kiharusi kilichukua mkono peke yake au kilipanda kichwani. Shule ilikuwa bado haijaamua kama muhula wa tatu itamrudisha darasani au itamwandikia barua ya kustaafu mapema. Mchana, Mwalimu akidhani nimezama jikoni, nilimsikia akijipima mwenyewe. Alianza: hidrojeni, heli, lithi, akishuka orodha ya elementi kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na alipokwama alirudi mwanzo. Siku moja alikwama mara tatu mahali pale pale, halafu akamwambia mkewe kitu kwa Kijaluo, na neno moja likajirudia, *wiya*, *wiya*. Nilimuuliza Mama Akinyi tulipokuwa tukianika nguo. Akaning'iniza shati kwenye kamba, akalinyoosha mikono, ndipo akajibu. "Ni kichwa changu. Anasema, waniambie mkono umekufa, nitakubali. Lakini si kichwa changu."

Somo la bondi tulilifikia mwezi wa saba. Lilikuwa la kwanza ambalo nilifikiri nimelielewa. Mwalimu alinieleza kwamba atomu mbili zikitaka kukaa pamoja, kila moja hutoa elektroni moja, na zile mbili zinatumiwa na wote. Hiyo ndiyo bondi kovalenti. "Hakuna anayemwibia mwenzake," alisema. Nilifurahi, kwa maana hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwetu. Tuna desturi tunayoiita egesangio: wanawake wachache wanaungana, leo wanapalilia shamba lako, kesho la jirani, keshokutwa langu, siku kwa siku, mpaka mzunguko uishe. Nilikuwa nimeingia egesangio tangu nilipoacha shule. Mtu ambaye alifanyiwa siku yake, na ya wenzake ikifika akaumwa na mgongo, alisemwa mpaka watoto wake walijua. Kwa hiyo nilichora nukta na misalaba kwa moyo mweupe: nukta ya huyu, msalaba wa yule, nukta ya huyu, msalaba wa yule. Kila jozi ilikuwa na mchango wa pande mbili, na nikaona kwamba kumbe hata vitu visivyoonekana vina adabu.

Alhamisi ya wiki hiyo Mwalimu alirudi kutoka mazoezi ya mkono hospitalini akiwa amechoka, mvua imemnyeshea mabega. Mama Akinyi alimwambia apumzike, akakataa. Ijumaa ilikuwa siku ambayo Kerubo, kiongozi wa darasa la kidato cha nne, alikuja kuchukua karatasi azipeleke kutoa nakala. Tukakaa. Akaniambia nichore ioni ya amoniamu. N katikati. Misalaba ni elektroni za nitrojeni, nukta ni za hidrojeni. Juu, H, nukta na msalaba. Kushoto, vivyo hivyo. Chini, vivyo hivyo. Kisha akafumba macho akasema, "Kulia, H. Misalaba miwili." Kalamu yangu ilisimama. Misalaba miwili, na nukta hakuna? Yaani nitrojeni imetoa siku zote mbili na hidrojeni imekuja kula? Nilimtazama. Alikuwa amefumba macho, maji ya mvua bado kwenye nywele, na nilifikiri: maskini, amechoka, amechanganya. Mtu mwingine angeuliza. Kinywa changu hakikuzoea kuuliza, na zaidi ya hapo niliona haya kwa niaba yake. Nilikuwa nimesikia *wiya*. Sikutaka awe ndiye aliyekosea na mimi niwe ndiye niliyemwonyesha. Kwa hiyo upande wa kulia niliweka msalaba mmoja na nukta moja, kama zile nyingine tatu, na mchoro ukapendeza, umelingana kila upande. Chini yake nikaandika sentensi zake za Kiingereza jinsi zilivyo. Akaushika ukurasa, akautazama, kichwa hakukigeuza. "Sawa," akasema. Niliosha vyombo siku hiyo nikijiona nimemfanyia jambo jema kimyakimya.

Ijumaa iliyofuata Kerubo alipokuja hakuingia ndani. Alinivuta mlangoni, akaongea kwa Kigusii ili asisikike. Darasani kulikuwa kumezuka ubishi. Sentensi ilisema elektroni zote mbili za bondi ile zinatoka kwa nitrojeni, na vitabu vinasema hivyo, lakini mchoro wa Mwalimu ulionyesha kila upande umetoa moja. Wavulana wa nyuma walikuwa wakisema betri ya Mwalimu imeisha. Mmoja alibeba karatasi mpaka ofisi ya walimu. "Mwambie tu arekebishe," Kerubo akasema. "Sisi tunampenda. Lakini mwambie haraka." Nilimwambia nitamwambia. Nikasimama pale mlangoni baada ya yeye kwenda, na mashine ya Mama Akinyi ikivuma nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichofanya. Niliongeza nukta ili nisitiri kosa ambalo halikuwapo, na nukta hiyo sasa ilikuwa ikitembea Masimba ikisema kwamba kichwa cha Mwalimu kimeharibika.

Sikumwambia. Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini. Nilikuwa na maneno tayari kila asubuhi. Niliyapanga nikimenya viazi. Na nilipofika mezani na kumwona akininyooshea karatasi mpya, yalishuka tumboni. Niliogopa kufukuzwa, hilo ni kweli. Lakini niliogopa zaidi uso wake. Siku zikawa wiki, wiki zikawa mbili. Nilikuwa nikila samaki wao na ugali wao, na kila tonge lilipita kooni likinikwaruza. Mama Akinyi akadhani ninaumwa, akanichemshia majani fulani machungu, nikanywa yote bila kukunja uso, kwa maana niliona yananistahili.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, naibu wa mwalimu mkuu alipiga simu kwamba angependa kumjulia hali Mwalimu. Jina lake Bwana Nyakundi. Alikuja saa kumi alasiri, mtu mfupi mwenye koti lililopigwa pasi vizuri na bahasha mkononi. Walimkaribisha, akaruka mabeseni ya nyuzi, akakaa. Mimi nilikuwa jikoni nikichambua chinsaga, mboga ile yetu yenye uchungu kidogo, na mlango wa jikoni ulikuwa pazia tu. Walizungumza habari za mvua, za bei ya majani chai, za mtoto wa mtu aliyeolewa. Halafu nikasikia bahasha ikifunguliwa.

"Mwalimu, utanisamehe," Bwana Nyakundi alisema. "Mimi ni mtu wa hesabu, kemia niliiacha zamani. Lakini kuhesabu najua. Nitrojeni wanasema ina elektroni tano za nje. Kwenye mchoro huu nimehesabu misalaba minne. Ya tano imeenda wapi?"

Nilisogeza pazia kidogo. Mwalimu alikuwa ameishika karatasi kwa mkono wa kushoto. Aliitazama, halafu polepole akageuza kichwa chote kuelekea kulia, na nikaona alipoiona. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulifanya kitu kibaya zaidi: ulianza kutafuta, kama wakati ule alipokuwa akirudi mwanzo wa orodha ya elementi. Mashine ya kufuma ikanyamaza.

"Na maneno ya chini yanasema vingine," Bwana Nyakundi akaongeza kwa upole. "Ndiyo maana watoto wamechanganyikiwa. Mimi nilitaka tu kusikia kutoka kwako. Bodi itaniuliza."

Mwalimu aliishusha karatasi. Kisha akasema, "Huenda... nilisema hivyo."

Sijui miguu yangu ilipita wapi. Nakumbuka nilijikuta katikati ya sebule nimesimama ndani ya beseni la nyuzi za kijani, majani ya chinsaga yamejaa mikononi, na watu watatu wakinitazama. Nilisema, "Ni mimi."

"Wewe ni nini?" Bwana Nyakundi akauliza.

"Mwalimu alisema misalaba miwili. Mimi nikaweka msalaba na nukta."

"Uliandika vibaya?"

"Hapana. Nilibadilisha."

Mama Akinyi akaniita, "Moraa," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ulibadilisha kwa nini, moiseke?" Bwana Nyakundi akauliza. Aliposema moiseke, yaani msichana, kwa lugha yetu, ilinisaidia.

"Niliona si haki. Upande mmoja umetoa zote mbili, na mwingine hakuna. Kwetu mtu hawezi kufanyiwa siku mbili na yeye asifanye hata moja."

Alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. "Yaani ulikuwa ukiihurumia nitrojeni."

"Ndiyo, Bwana."

Mwalimu aliinua mkono wa kushoto kama anayesimamisha gari. "Rudia," aliniambia. "Nilisema misalaba mingapi?"

"Miwili."

"Una hakika?"

"Ulisema, kulia, H, misalaba miwili. Ulikuwa umefumba macho. Nilisikia vizuri, Mwalimu. Ulisema vizuri."

Akajifunika uso kwa ule mkono mmoja. Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri nimemliza. Alipouondoa mkono macho yalikuwa na maji kweli, lakini alikuwa akicheka, kile kicheko chake cha upande mmoja, na hakuweza kukizuia. "Asante Mungu," alisema. "Asante Mungu, ni wewe." Sijawahi kuona mtu aliyefurahi vile kwa kukosewa.

Bwana Nyakundi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na bodi ya kujibu. Alisubiri kicheko kipite, akasema, "Mtoto anaweza kumtetea anayemlisha. Nikiulizwa, niseme msichana wa Ekerenyo ndiye aliyeniambia?" Mwalimu akaitika kwa kichwa. Aliniambia nimpe kalamu na karatasi safi. Nikamwekea mbele yake, nikataka kushika karatasi isiteleze, akanifukuza kwa jicho. Akaweka mkono uliolegea juu yake, ukawa uzito wa kuizuia, na akaanza kuchora kwa kushoto. N yake ilitoka kama uzio ulioanguka. Tulimngojea. Maji ya ugali yalichemka jikoni mpaka nikayasikia yakikauka, na hakuna aliyethubutu kwenda kuyaondoa. H ya juu. H ya kushoto. H ya chini. Nukta, msalaba, nukta, msalaba. Kisha akageuza kichwa chake kulia, taratibu, na pale akachora H ya nne, na kati yake na N akaweka msalaba, akapumzika, akaweka mwingine.

"Hesabu," akasema.

Bwana Nyakundi alihesabu kwa ncha ya kidole. "Tano."

"Nukta?"

"Tatu."

"Hidrojeni hii ya nne ni ioni," Mwalimu alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi niliyomsikia akiyafuatanisha tangu nije. "Ilishanyang'anywa elektroni yake. Haina kitu. Amonia ina jozi moja ambayo haijatumika. Inaitoa yote. Ndiyo bondi ya dativu. Lakini sikiliza, Nyakundi. Ikishafungwa, si ndogo kuliko nyingine. Inalingana nazo kabisa. Urefu ule ule, nguvu ile ile. Msalaba na nukta ni sisi tunachora, ili tukumbuke nani alitoa. Yenyewe haikumbuki. Ukifika baadaye ukaambiwa onyesha ya nne ni ipi, huwezi."

Bwana Nyakundi aliikunja karatasi ile yenye N iliyoanguka, akaitia katika bahasha mahali pa ile yangu. Ile yangu akaiacha mezani. Aliposimama alimshika Mwalimu bega. "Shule inafungua Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa," alisema. "Nitawaambia wakuwekee kiti mbele ya darasa." Mlangoni aliniambia kwa Kigusii kwamba nikanawe mikono, chinsaga ile imeshasagika.

Nilingoja kufukuzwa. Mama Akinyi ndiye aliyeanza, na alianza jikoni, akikwangua sufuria iliyoungua. "Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili unakula kwangu na jambo hilo tumboni, na mimi nakuchemshia dawa. Nilidhani una minyoo." Nilisema nisamehe, Mama. "Nikusamehe nini, wewe ambaye hata msamaha unauomba kama unaazima chumvi? Siku nyingine ukiona mzee wangu amekosea, sema amekosea. Akiwa amekosea tutajua. Akiwa hajakosea tutajua pia. Kujua ndiko tunakotaka katika nyumba hii." Akanipa sufuria nimalizie. Usiku huo Mwalimu alikula samaki wawili, akaomba na ndizi, na Mama Akinyi akamuuliza tangu lini. Mimi nilikula mpaka nikaona haya. Ni chakula cha kwanza kilichopita kooni bila kunikwaruza.

Kesho yake tuliuandika ukurasa upya. Hakunigombeza hata mara moja, ila alipofika upande wa kulia alisema "misalaba miwili," akangoja, na mimi kwa mara ya kwanza nikauliza. Nilimuuliza, je, nitrojeni haibaki na upungufu? Akaniambia hapana, elektroni zile inaendelea kuzitumia, imezishirikisha tu. Nilimuuliza, na ioni ile inajuaje pa kwenda? Akacheka, akasema maswali kama hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja darasani miaka ishirini. Baada ya hapo nilimuuliza kila siku. Nikitazama nyuma, maneno yangu yote ya maisha yalianzia pale, na yalianza kwa sababu nilikuwa nimeshasema lile gumu kuliko yote, na paa halikuanguka.

Kulibaki shida moja. Mwalimu angerudi darasani na kichwa chake kizima, lakini ubaoni mkono wa kushoto usingefika. Bwana Nyakundi alikubali niende naye muhula ule niandike yeye akisema. Nilishonewa sketi, na Mama Akinyi akanifumia sweta ya rangi ambayo hakuna shule inayoivaa, nisije nikadhaniwa mwanafunzi. Jumatatu ile tuliingia darasa la kidato cha nne, Mwalimu akikokota mguu, nami nyuma yake na boksi la chaki. Wote walisimama. Walipoketi walimtazama kama watu wanaongoja kuona kama mtu atajikwaa. Kerubo alikuwa mstari wa mbele, hakuniangalia, kwa huruma. Mwalimu alikaa kwenye kiti alichowekewa, akapumua, akasema, "Amoniamu." Niliwapa mgongo nikachora. Nilichora polepole, kwa maana sijui kuchora vingine, na nilipofika kulia niliweka misalaba miwili mikubwa ambayo hata wa mwisho angeiona.

Mvulana wa nyuma akainua mkono. Labda ni yule wa betri, labda siye. "Mwalimu," alisema, "lakini kwa nini upande mmoja utoe zote mbili?"

Nilimsikia Mwalimu akisogea kitini. Nilimngoja ajibu. "Muulize aliye ubaoni," alisema. "Swali hilo alikuwa nalo kabla yako."

Sikujua kwamba chaki inaweza kuwa nzito. Niligeuka. Nyuso zile zilikuwa rika langu, wengine wakubwa kuliko mimi, na wote walikuwa wamefika mbali kuliko nilikofika. Nilitazama kidole changu cha mguu, halafu nikakiacha.

"Kwa sababu hidrojeni hiyo haina ya kutoa," nilisema. "Na nitrojeni ilikuwa nazo mbili zimekaa tu."

"Hatusikii huku nyuma, madamu," akasema yule mvulana.

Nikarudia.